Yai la Plasta

Kwa mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu zangu, na kama hutaki kuzipokea ziweke hapo mezani kando ya cherehani, zitakusubiri. Hujambo? Watoto hawajambo? Nimesikia ni wawili, wa kike na wa kiume, na kwamba yule wa kike anashika penseli kwa mkono wa kushoto kama wewe. Karakana inaendaje? Mgongo je, maana kuinamia cherehani mbovu za watu kutwa nzima si mchezo. Mumeo mpe salamu, ingawa hatujawahi kuonana. Huenda hajawahi kusikia kwamba una kaka, au amesikia na akaona bora asingesikia.

Sisi huku tunaendelea. Mimi mzima, kama kuamka na kuvaa viatu ndiyo uzima. Mama si mzima, na hilo ndilo lililonikalisha hapa kuandika. Miguu imevimba, pumzi inamkata, na kulala analala ameegemea mito mitatu. Daktari ametuambia tusihesabu miezi. Mama anakutaka. Sisemi anakuulizia, kwa kuwa kukuulizia amekuulizia miaka yote kumi na moja, kimya kimya, kupitia kwa jirani yetu muuza mkaa, akidhani sijui. Sasa anataka uje ukae pale kitandani akuone. Barua hii ni ya kukuomba uje. Mengine yote yaliyomo ni sababu za kukupa haki ya kutokuja, na nakusihi uyasome mpaka mwisho kabla hujaamua. Najua mwandiko umeutambua tangu kwenye bahasha, na najua mikono ilikuwasha kuichana.

Utacheka nikikwambia kazi ninayofanya siku hizi. Napaka rangi mayai. Mabango yamekufa, mdogo wangu. Zamani mwenye duka alikuwa ananisubiri wiki mbili nimwandikie jina ukutani. Leo anakwenda kwenye mashine, na kabla chai yake haijapoa ametoka na bango la nailoni lenye picha ya mtu asiyemjua anayecheka. Makopo yangu yalikauka. Ndipo akaja mtafiti mmoja wa ndege, mama wa makamo, viatu vya mvua jua liwake lisiwake, darubini shingoni, akiuliza mafundi ni nani anayeweza kuchanganya rangi kwa jicho tu. Wakamleta kwangu. Tunamwita Mama Darubini, naye anajua kwamba tunamwita hivyo.

Nyuma ya bwawa la maji la mji kuna matete, na kwenye matete wanajenga minana, wale ndege wa manjano wanaosuka viota vya kuning'inia na kupiga kelele utadhani kuna mnada. Sasa yupo ndege mwingine anaitwa kekeo, ambaye kujenga hajui wala hataki kujua. Anavizia jike la mnana litoke, anaingia kiotani mwake, anataga yai moja, anaondoka zake. Kulea anamwachia mwenye nyumba. Mama Darubini anataka kujua mwenye nyumba anafanya nini akirudi. Kwa hiyo ananipa mayai ya plasta, kila moja dogo kama ncha ya kidole gumba, nami nayapaka. Mengine yafanane kabisa na ya mwenye kiota, mengine yatofautiane kidogo, mengine yawe vituko vitupu. Tunayaweka viotani, tunajificha kwenye kibanda cha turubai, tunaangalia. Kuchungulia ndani ya kiota tunatumia kioo cha kunyolea ndevu kilichofungwa kwenye fimbo.

Na minana si wajinga, nakwambia. Kila jike lina rangi yake ya mayai maisha yake yote. Huyu meupe, yule ya kibuluu, yule ya madoa ya kahawia, na kila mmoja anakumbuka ya kwake. Anarudi, anaingiza kichwa, anatulia kidogo, halafu unaona yai la mgeni linatoka mlangoni na kutumbukia majini, chubwi. Wapo wanaochelewa siku mbili tatu. Wapo wasiojali kabisa. Wapo wanaokihama kiota chote na kwenda kuanza upya tete la pili. Lakini wengi wanatupa. Siku ya kwanza nilipoona yai langu mwenyewe linatupwa hivyo, nikafurahi. Si kwa ajili ya utafiti. Nilifurahi kwa sababu niliwaza kwamba kumbe hata ndege anakijua kisicho chake na anakitoa, na hakuna anayemwita katili. Nilikuwa nakuwaza wewe.

Yale ya miaka ile unayajua, lakini hujawahi kuyasikia kutoka kwangu, na nataka leo nikuandikie bila kupaka rangi.

Siku chache baada ya kumzika mzee, shangazi na mama waligombana jikoni kwa sababu ya koti la marehemu. Wewe ulikuwa nje unaanua nguo, mimi nilikuwa mlangoni. Shangazi, kwa hasira za kujisahau, alisema mama asijifanye mwenye nyumba sana, maana katika watoto wawili wa nyumba hii mmoja hakutoka tumboni mwake, na kaka yake amekufa na siri hiyo. Mama akamziba mdomo kwa kiganja. Shangazi akaondoka na koti, na kabla mwaka haujaisha naye tukamzika. Ni nani kati yetu, hakusema, nami sikumuuliza mama. Nimuulize ya nini, wakati jicho ninalo? Maisha yangu yote nimekula kwa jicho hili.

Basi nikakutazama. Sisi wote weusi, wewe maji ya kunde. Sisi wote mkono wa kulia, wewe wa kushoto. Mwanya wako haukuwa na mwenzake katika picha yoyote ya ukutani. Halafu nikakumbuka kwamba nilipokuwa na miaka minne mama aliondoka nyumbani miezi mingi, akarudi na wewe umefungwa kwenye blanketi, na mimba yenyewe sikumbuki kuiona. Mimi kwa upande wangu nilitembea kama mzee, nilikohoa kama mzee, nilishika brashi kwa vidole vitatu kama mzee. Watu walikuwa wakinipita barabarani wananisalimia kwa jina lake. Nyani haoni kundule, na mimi hata sikudhani kwamba nina la kuona.

Sikukwambia neno. Afadhali ningekwambia, ungenijibu, maana mzee hakukuita Chiriku bure. Nilifanya la mtu mwoga, nikachukua brashi. Bamba la kaburi la mzee niliandika mimi, kwa zile herufi zenye mkia alizonifundisha mwenyewe: jina lake, miaka yake, na chini yake, Ameacha mke na mtoto mmoja. Siku tuliyokwenda kulisimamisha ulisoma, ukasoma tena kwa kufuatisha kidole, ukamgeukia mama ukamuuliza kama ni kweli. Mama akatazama udongo, akasema kaka yako ana majonzi, msigombane juu ya kaburi. Mimi nikaongeza kwamba damu ni nzito kuliko maji. Nililisema hilo kwa sauti, na wachimba kaburi wakisikia. Jioni ile uliondoka na begi lenye zipu mbovu. Cherehani uliyokuwa unaitengeneza uliiacha mezani imefunguliwa, na mpaka leo hakuna anayejua kuirudishia.

Mama hakunilaumu hata siku moja. Ukimya wake niliuhesabu kuwa ni ushahidi. Kila mwaka ulipopita niliona nilitenda haki, na nikalala vizuri. Nakwambia hili ili usije ukadhani nilikuwa nateseka.

Sasa nirudi kwa ndege. Mwezi mmoja uliopita palikuwa na jike moja nililoliita Bi Madoa, kwa sababu mayai yake yalikuwa magumu kuigiza kuliko yote, rangi ya maziwa yenye madoa ya kahawia yaliyosongamana upande mnene. Alikuwa nayo mawili. Mama Darubini aliniambia nijaribu, lakini nisijisumbue sana, kwani mwenyewe hakuwa na matumaini. Maneno hayo usimwambie fundi. Nilikaa na yai lile siku nne. Madoa niliyaweka kwa brashi niliyoipunguza mpaka ikabaki na nywele tatu. Tukaliweka kiotani asubuhi, tukarudi kibandani.

Bi Madoa akarudi. Akaingiza kichwa, akatulia, akatoka, akaingia tena. Mara ya tatu akatoka na yai mdomoni, akaliachia majini. Nikasema basi, kazi ya siku nne imezama. Mama Darubini akasogeza fimbo yenye kioo, akatazama, akanipa na mimi nitazame. Langu lilikuwepo. Alikuwa ametupa la kwake. Kesho yake akatupa na la pili, akakalia la plasta peke yake, kwa raha zake, amefumba macho. Mama Darubini alieleza kwamba makosa hayo hutokea mara chache, ndege akishaingiwa na shaka kwamba kiotani mna mgeni halafu asijue ni nani. Anatupa kwa kubahatisha. Mimi maelezo hayo yaliniingilia sikio hili yakatokea lile. Nilikuwa nimevimba kichwa. Nimepaka yai mpaka mwenyewe amelipenda kuliko lake! Mafundi wenzangu wote niliwahadithia, na wote niliwalazimisha wacheke.

Mchana mmoja, nikiwa namlisha mama supu kwa kijiko, nikamhadithia na yeye. Nilidhani nitamchangamsha. Nilimwigizia hata Bi Madoa anavyoingiza kichwa. Mama hakucheka. Aliniuliza kama yule ndege bado amelikalia. Nikasema bado, na ni wiki ya tatu, maskini, yai la plasta litaangua nini? Akausukuma mkono wangu na kijiko chake, machozi yakamtoka, akaniambia nimwitie mwanawe. Nikamwambia, mama, mwanao si ndiye mimi hapa? Akarudia, nimwitie mwanawe. Nikamgusa paji la uso nikidhani ni homa. Hapakuwa na homa.

Chiriku, ni mimi.

Si wewe. Hukuwa wewe hata siku moja. Mama alinieleza yote palepale, anasimama kila sentensi kuvuta pumzi, na mimi nimeshika bakuli la supu sijui niliweke wapi. Kabla yangu alikuwa amejifungua mtoto ambaye hakulia, na siku ya tatu yake alikuwa bado wodini, maziwa yamemjaa, hana wa kumpa. Binti mmoja wa kitanda cha pili alijifungua alfajiri, na kulipokucha hayupo. Aliacha mtoto na viatu chini ya kitanda. Hiyo ndiyo habari yote niliyonayo ya mama yangu mzazi, viatu. Mzee alikuwa nje ya mlango, juu ya ngazi, anamalizia kibao cha Wodi ya Wazazi alichopewa kazi wiki ile. Nesi akatoka na mtoto anayelia kuliko wote mle ndani, akamuuliza mzee kama mkewe angekubali kumnyonyesha japo mara moja. Mara moja hiyo ndiyo hii, miaka arobaini na mitano. Kibao kile kingali pale mpaka leo. Nimekipita mara mia, na kila mara nilikuwa nasema, tazama herufi za baba yangu.

Na wewe ni wao, tumbo na damu. Kwa sababu ya mtoto yule aliyemzika, katika mimba yako daktari alimwamuru alale asinyanyue hata ndoo, ndiyo akaenda kukaa kwa mama yake miezi mitano. Bibi huyo mimi simkumbuki na picha hakupigwa. Alikuwa maji ya kunde, alikuwa na mwanya, na mama anasema alikuwa akichapwa utotoni ili aache kutumia mkono wa kushoto, na hakuacha.

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza siku ile makaburini. Nilimuuliza kwa ukali, sitakuficha, mgonjwa ni mgonjwa lakini nilimuuliza kwa ukali. Alisema wewe alikuzaa, kwa hiyo alijua hata ukienda mwisho wa dunia utabaki wake. Mimi, alisema, ningeondoka siku ile ningekuwa nimeondoka kweli, maana nilikuwa sina pa kurudi. Alidhani utakaa wiki moja kwa marafiki, hasira ziishe, urudi, naye atafute siku nzuri ya kutuketisha wote wawili. Siku nzuri haikupatikana. Kila ilipokaribia aliniona ninavyojivunia kuwa mtoto wa mzee, akaogopa.

Nimemkasirikia, Chiriku. Namlisha, namgeuza, namfulia shuka, na nimemkasirikia. Alikuwa na miaka kumi na moja ya kufungua mdomo, na akaitumia kunipikia. Halafu nakumbuka ni nani aliyemfikisha kwenye kuchagua, na hasira inarudi nyumbani kwake, kwangu. Kitanda hakizai haramu, wanasema. Hawakusema kitanda kikiokota kinaweza kupata nini.

Nilipokwenda kazini nilimwambia Mama Darubini. Alikuwa amewahi kunieleza kwamba kinda la kekeo likianguliwa, kabla hata halijafumbua macho, linayabeba mayai ya mwenye nyumba mgongoni, moja moja, na kuyasukumia nje. Nikamwambia basi kinda lenyewe ndiye mimi. Nilidhani atanionea huruma. Alivua darubini shingoni, jambo ambalo sijamwona akilifanya hata wakati wa kula, akanikataza nisijifiche nyuma ya ndege. Kinda lile, alisema, lina siku moja duniani, halioni, halijui kama kuna mwenzake. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na minne, macho mawili, na miwani juu yake.

Siku hiyohiyo nilipita nyumbani, nikachukua kopo la rangi nyeusi, brashi mbili na msasa, nikaenda makaburini kusahihisha. Njiani nilikuwa nimeshapanga kila kitu, nitafuta neno gani, nitaandika lipi, nafasi itatosha au haitatosha. Nikapiga magoti mbele ya bamba, nikalifuta vumbi kwa mkono wa shati, nikasoma. Ameacha mke na mtoto mmoja. Nikasoma tena kwa kufuatisha kidole, kama ulivyofanya wewe. Hakuna kosa, mdogo wangu. Hakuna hata herufi ya kugusa. Mzee aliacha mke na mtoto mmoja, na mtoto huyo nilimfukuza mimi, mbele ya bamba linalomtaja. Ndiyo kazi safi kuliko zote nilizowahi kuandika, na ni ya kweli tangu siku ile. Nilirudi nyumbani na kopo langu halijafunguliwa.

Basi njoo. Mama analala chumba cha mbele siku hizi, kwa ajili ya hewa, na mlango ni uleule wa kuinua kidogo ndipo ufunguke. Ukitaka nisiwepo, mtumie salamu muuza mkaa, nitashinda bwawani mpaka uondoke, na sitauliza mlizungumza nini. Ukitaka nyumba, ni yako, na haikuwahi kuwa ya mwingine. Msamaha sikuombi kwa barua. Maji nimeyamwaga mwenyewe, sitakuja kukuomba kitambaa. Ila mama ameniagiza nikuandikie maneno haya kama alivyoyasema, kwamba yeye alinyonyesha wawili. Ukija, ukasimama kaburini ukasoma, ukaona panafaa pasomeke watoto wawili, utaniambia. Brashi zipo. Usiponiambia, bamba litabaki lilivyo, kwani halidanganyi.

Bi Madoa tulimwondolea lile yai juzi, Mama Darubini alisema inatosha. Alizunguka kiota kutwa, anaingia na kutoka. Jana alikuwa hayupo.

Wasalimie watoto. Yule wa kike mwambie asikubali mwalimu yeyote ambadilishe mkono. Mumeo naye msalimie. Mama anakusalimu, amenishika kiwiko hapa ninapoandika, anataka kuona kama nimeliandika jina lako vizuri. Fanya haraka, Chiriku.

Wasalamu,
niliyekuwa kaka yako, na nisiyejua kusaini vingine,
Fundi Rangi